Lumbesa ya Lüderitz

Barabara ya kutoka Keetmanshoop hadi Lüderitz, kusini mwa Namibia, ina kilomita kama 330, na kipande cha mwisho, ukishaiacha Aus, kinakatiza jangwa la Namib. Huko vibao vinatahadharisha mchanga kama vile vya Mikumi vinavyotahadharisha tembo. Nilikuta greda likisukuma tuta lililolala barabarani, na nyuma yake upepo ukilijenga upya taratibu, kama mtu anayejua kwamba mwenzake atachoka kwanza. Kando ya barabara kuna reli. Nayo imefukiwa hapa na pale, na siku hiyo wanaume wanne waliofunga vitambaa usoni walikuwa wakiifukua kwa makoleo.

Kazi hiyohiyo alikuwa akiifanya Zacharias Lewala mwezi Aprili 1908, karibu na kituo kidogo cha Grasplatz. Lewala alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye migodi ya Kimberley, Afrika Kusini, kwa hiyo jiwe lilipong'aa mchangani hakuhitaji kuuliza. Alilipeleka kwa msimamizi wake, August Stauch, Mjerumani aliyekuja jangwani kutafuta hewa kavu kwa sababu ya pumu. Inasimuliwa kwamba Stauch alilijaribu jiwe kwa kulikwaruza kwenye kioo cha saa yake. Kioo kikachorwa. Stauch akaomba leseni za kutafuta madini, na akanyamaza mpaka alipokuwa nazo mkononi. Akawa tajiri wa kutupwa, kisha mtikisiko wa uchumi wa dunia ukamfilisi, akafa maskini Ujerumani mwaka 1947. Lewala, aliyelijua jiwe kwa macho tu, hakupewa hata hisa moja.

Hadithi hii utaisikia Lüderitz kabla hujamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa. Inasimuliwa kama kichekesho cha bahati: mmoja aliokota, mwingine akatajirika. Mimi naisoma kama kisa cha vipimo. Lewala alikuwa na jiwe, Stauch alikuwa na karatasi ya leseni, na ofisi iliyokuwa ikipima thamani ilijua kusoma karatasi peke yake. Nilikaa mji ule siku nne, na kila nilipochimba historia yake nilikutana na mambo hayohayo.

Tuanze na jina lenyewe. Ghuba hii Wareno waliiita Angra Pequena, na Bartolomeu Dias alisimika msalaba wa jiwe kwenye rasi yake mwaka 1488. Karne nne baadaye akaja mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Bremen, Adolf Lüderitz, au tuseme akamtuma wakala wake, Heinrich Vogelsang. Mei 1883 Vogelsang aliinunua ghuba kutoka kwa Joseph Frederiks, chifu wa Wanama wa Bethanie, kwa pauni 100 na bunduki 200. Agosti mwaka huohuo wakaandikiana mkataba wa pili, wa ukanda wa pwani kutoka Mto Orange kuelekea kaskazini, wenye upana wa maili 20 kutoka baharini.

Maili zipi? Frederiks alijua maili ya Kiingereza, ile ya kilomita 1.6, ambayo wafanyabiashara wa Koloni la Rasi, huko Afrika Kusini, walikuwa wakiitumia miaka yote. Kwa kipimo hicho alikuwa ameuza kilomita 32 za mchanga usioota hata jani. Mkataba ukatajwa kuwa wa maili ya kijiografia ya Kijerumani, ambayo ni kilomita 7.4. Maili 20 zikageuka kilomita 148, na humo zikaingia ardhi za malisho na makazi ya watu wa Frederiks mwenyewe. Wala haikuwa bahati mbaya ya tafsiri. Lüderitz alimwandikia wakala wake kwamba kwa wakati huo chifu aachwe aamini ni maili za Kiingereza. Wajerumani wenyewe, baadaye, waliupa mchezo huo jina la ulaghai wa maili.

Sisi tuna neno zuri zaidi: lumbesa. Mkulima wa viazi Njombe anajua gunia lina kilo 100. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analishonea kilemba juu, linabeba mpaka linafanana na mjamzito, na bei inabaki ya gunia moja. Kenya wanaliita mukurino, kwa sababu ya hicho kilemba. Serikali zimepiga marufuku mara nyingi kiasi kwamba marufuku yenyewe imekuwa msimu. Lumbesa ya Lüderitz ilizidi gunia la kawaida mara nne na nusu, nayo ilikuwa ya ardhi.

Mwaka mmoja baadaye Carl Peters alikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akikusanya alama za msalaba za machifu kwenye karatasi za lugha wasiyoisoma, na Februari 1885 serikali ya Berlin ikampa hati ya ulinzi. Afrika Kusini Magharibi, yaani Namibia ya leo, ilikuwa imeshatangazwa chini ya ulinzi tangu Aprili 1884. Mkono mmoja uliandika huku na huku. Msomaji wa Kilosa au Morogoro akifika Lüderitz asijione mgeni sana.

Mji wenyewe ni mdogo, watu wapatao 16,000 kwa sensa ya 2023, umekalia miamba myeusi isiyo na udongo wa kupanda hata mchicha. Mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 20. Upepo unavuma kiasi kwamba milango ya magari inafunguliwa kwa mikono miwili. Nyumba za enzi ya Wajerumani zimepakwa rangi za peremende, na juu ya jabali limesimama kanisa la Kilutheri la mwaka 1912, ambalo dirisha la madhabahuni lilitolewa na Kaiser Wilhelm II. Jua la jioni likilipiga, kioo kile kinapendeza, nakiri. Nilisimama pale nikapiga picha kama kila mtu. Kisha nikageuka, na chini yangu, ng'ambo ya maji, nikaona Kisiwa cha Papa, Shark Island kwa Kiingereza.

Siku hizi si kisiwa tena, kimeunganishwa na nchi kavu. Kati ya 1905 na 1907 kilikuwa kambi ya mateso. Waherero na Wanama waliotekwa katika vita vya Wajerumani waliletwa hapa, wanawake na watoto wakiwemo, wakalazwa kwenye mwamba mtupu na upepo huohuo unaonifungia mlango wa gari. Cornelius Fredericks, kiongozi wa Wanama, alifia hapo Februari 1907. Reli ya kwenda Aus ilijengwa kwa mikono ya wafungwa, na kwa hesabu za Wajerumani wenyewe, kati ya wafungwa 2,014 waliopelekwa kwenye kazi hiyo tangu Januari 1906 hadi Juni 1907, walikufa 1,359. Hiyo ndiyo reli aliyokuwa akiifagia Lewala. Haikuwa imemaliza miaka miwili. Almasi ya kwanza iliokotwa pembeni ya kaburi refu lililolazwa mataruma.

Miezi hiyohiyo, upande wetu, dola hiyohiyo ilikuwa ikichoma mashamba ya Ungoni na Umatumbi kuizima Maji Maji. Rais Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Kwa Namibia, Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kuyaita yaliyotokea mauaji ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, lakini ikakataa katakata kuziita fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama waliyakataa makubaliano hayo, wakisema hawakuwa mezani yalipoandikwa. Msamaha nao una kipimo chake, na safari hii pia alikishika yuleyule.

Kwa miaka mingi Kisiwa cha Papa kilikuwa kambi ya watalii ya kupiga mahema. Kuna mnara wa taa, kuna mawe ya kumbukumbu, na kuna mahali palipojengwa kwa ajili ya kuchoma nyama. Sitaki kuwahubiria watalii, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Ila nilipouliza kipeperushi cha mji kinasema nini, nilikuta ukurasa mzima wa Kolmanskop na aya moja ya kisiwa. Namibia ilianza kuadhimisha siku ya kitaifa ya kumbukumbu ya mauaji hayo Mei 28, 2025. Huenda kipeperushi kitafuata.

Kolmanskop ndiko wote tunakokwenda. Ni mahame, kilomita chache kutoka mjini, na unaingia kwa kibali kwa sababu ardhi hiyo bado iko ndani ya eneo la almasi. Lango hufungwa saa saba mchana, kabla upepo haujapandisha hasira. Baada ya jiwe la Lewala, Septemba 1908, waziri wa makoloni wa Ujerumani, Bernhard Dernburg, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akitembea Tanganyika, alilifunga eneo lote kutoka Mto Orange hadi latitudo ya 26, kilomita 100 kuingia bara. Kilomita za mraba zipatazo 26,000 zikaitwa Sperrgebiet, eneo lililokatazwa, na haki za kutafuta almasi humo zikakabidhiwa kampuni moja. Hapo ikajengwa Kolmanskop, yenye hospitali, kiwanda cha barafu, ukumbi wa michezo na bwawa la kuogelea, jangwani ambako maji ya kunywa yalikuwa yakiletwa kwa meli.

Leo mchanga umekuwa mwenye nyumba. Katika chumba kimoja niliona mlango uliokwama nusu wazi, tuta limeupakata mpaka kwenye kitasa, na juu yake ukutani bado kuna mstari wa maua ya bluu uliochorwa kwa mkono. Wapigapicha hupanga foleni hapo. Kilichonishika zaidi kilikuwa maelezo ya hospitalini: walikuwa na mashine ya eksirei wakati sehemu kubwa ya Afrika haijaisikia, na inasimuliwa kwamba ilitazama matumbo zaidi ya mifupa, kuhakikisha mfanyakazi hajameza jiwe. Kiongozi wetu alilisema hilo, watu wakacheka. Mizani ilikuwa imefika hadi tumboni. Kisha akatukumbusha, sasa bila kucheka, kwamba kuokota jiwe lolote humo ni kosa, hata kama ni kokoto ya kumpelekea mtoto.

Almasi za hapo ziliokotwa juu ya mchanga. Vibarua walitambaa kwa magoti, mstari mmoja, macho chini. Katika miaka ile mapato ya Kusini Magharibi yalitegemea magoti hayo. Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, Ernest Oppenheimer akakusanya makampuni yao mwaka 1920 kuwa moja. Mwaka 1928 zikagunduliwa almasi kubwa zaidi kusini, karibu na mdomo wa Mto Orange, na Kolmanskop ikaanza kufa. Wa mwisho waliondoka mwaka 1956. Mji haukuuawa na jangwa, kama kadi za posta zinavyotaka tuamini. Uliuawa na hesabu: karati kwa kila tani zilikuwa nyingi kwingine.

Nyumba niliyofikia ni ya mama mmoja wa Kiovambo, na babake hukaa kwenye benchi upande usio na upepo, koti limefungwa mpaka kidevuni. Nilipomwambia natoka Tanzania alinyanyua kichwa.

"Kongwa," akasema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kongwa kuna vumbi. Maji hakuna. Ugali mwingi." Akacheka mpaka akakohoa. Kiswahili chake kilikuwa cha miaka ya sitini, kikavu lakini kizima. Alikuwa mmoja wa vijana wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, waliopitia kambi ya Kongwa, Dodoma, na akarudi nyumbani mwaka 1989, kabla tu ya uhuru.

Kabla ya hapo alikuwa kibarua wa mkataba, aliyeletwa kutoka kaskazini kufanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Akanieleza jinsi walivyopimwa. Daktari aliwapanga uchi, akagonga kifua, akatazama mikono, akatoa herufi. A walikuwa wenye nguvu, waliopelekwa migodini kwa mshahara mzuri kidogo. C walikwenda kuchunga kondoo kwenye mashamba ya walowezi. "Mimi B," akasema, akijigonga kifua kwa kifundo cha kidole. "Mwanangu, mimi leo nina miaka zaidi ya themanini. Yule daktari angeniona." Kisha akaniuliza bei ya mchele Dar es Salaam, nikamwambia, akasikitika kwa dhati.

Ninaandika haya kwa sababu Lüderitz inapimwa tena. Malori ya manganizi kutoka Afrika Kusini yalianza kushusha shehena bandarini hapa mwaka 2019, na gati lililojengwa kwa ajili ya samaki na kamba linajikunja kupokea vumbi jeusi. Mapema mwaka 2022 Shell na TotalEnergies zilitangaza kugundua mafuta baharini, mbele ya pwani hii. Na kuna haidrojeni ya kijani: Mei 2023 serikali ilisaini makubaliano na kampuni ya Hyphen kwa mradi wa dola bilioni 10, wa kutumia upepo na jua la hifadhi ya Tsau ǁKhaeb, yaani Sperrgebiet ya zamani, kutengeneza haidrojeni na kuigeuza amonia ya kusafirishwa Ulaya. Mnunuzi anayetajwa zaidi ni Ujerumani. Upepo uliowaua watu kisiwani leo unaitwa rasilimali.

Wanaopinga wanasema ni ukoloni uliorudi na rangi mpya. Siwafuati mpaka huko. Frederiks hakuwa na bunge, hakuwa na mwanasheria, wala gazeti la kumuuliza maswali. Namibia ya leo inavyo vyote. Tangu mwaka 1994 inamiliki nusu ya Namdeb, kampuni ya almasi, pamoja na De Beers, na sehemu kubwa ya almasi zake sasa inatoka chini ya bahari kwa meli za kampuni nyingine ya ubia wa nusu kwa nusu. Katika mradi wa Hyphen imejiwekea haki ya kununua asilimia 24. Kwa viwango vya bara letu hayo si makombo. Sisi tuliposhtuka mwaka 2017, tulikuwa tumezuia makontena 277 ya makinikia bandarini Dar es Salaam tukibishana na mwekezaji kuhusu dhahabu iliyomo ndani, kwa sababu kwa miaka yote kipimo kilikuwa chake, nasi tulikuwa tukipokea jibu. Hisa asilimia 16 zilikuja baada ya ugomvi.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Asilimia 24 ya nini? Haidrojeni haina bei ya soko inayosomwa gazetini kama dhahabu au kahawa. Bei itakuwa ile watakayokubaliana muuzaji na mnunuzi wachache, na rangi ya kijani yenyewe ni cheti, kinachotolewa kwa kanuni za Ulaya. Brussels ikibadilisha tafsiri ya neno moja, amonia ya Lüderitz inaweza kuamka asubuhi ikiwa si kijani tena. Mwaka 2025 kampuni kubwa ya nishati ya Ujerumani iliyokuwa imeonyesha nia ya kununua sehemu ya amonia hiyo ilijitoa, na hakuna mtu wa Lüderitz aliyeulizwa. Hapo ndipo ninapoiona maili ya Kijerumani. Hakuna anayeificha sasa, imeandikwa waziwazi kwenye kanuni, lakini bado anayeirefusha na kuifupisha anakaa kwingine.

Halafu kuna bandari. Ghuba ina kina kifupi na chini yake ni mwamba, kwa hiyo meli kubwa zinahitaji mahali papya pa kutia nanga, na mipango ya upanuzi imegusa maeneo ya Kisiwa cha Papa. Viongozi wa jadi wa Wanama wamepinga, kwa hoja kwamba mifupa ya watu wao iko pale, nchi kavu na majini. Ripoti za uwekezaji zinapima kina cha maji kwa mita na muda wa ujenzi kwa miezi. Makaburi hayana safu kwenye jedwali. Mimi si mpinzani wa gati. Vijana niliowakuta wamekaa nje ya kiwanda cha samaki saa nne asubuhi, wakisubiri kama watahitajika, wanataka gati, na wana haki ya kulitaka. Ila ningependa kuona mtu anayelipima eneo hilo kwanza kwa macho ya waliozikwa, ndipo mhandisi aje na kamba yake.

Asubuhi ya kuondoka nilikaa kwenye ngazi ya nyumba nikavua viatu. Nilikuwa nimevivaa Kolmanskop, na mchanga wa vyumba vile ulikuwa bado umo, mwembamba, wa rangi ya asali. Nikavikung'uta barazani. Mzee alikuwa kwenye benchi lake, akanitazama mpaka nikamaliza kimoja, kikafuata cha pili.

"Umewarudishia mali yao," akasema.

Mchanga ulilala pale sekunde mbili tatu hivi, kisha upepo ukauchukua kuelekea barabarani, kwenye greda.